Vijana Waliokataa Ufukwe

Nilianza kuwashuku vijana siku walipokataa ufukwe.

Tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi nyuma ya kanisa letu, Ijuganyondo, baada ya misa ya pili. Mimi ni mlezi wao. Paroko alinipa kazi hiyo nilipostaafu ualimu, nadhani kwa sababu aliamini mtu aliyesimamia mitihani miaka yote ile hawezi kudanganywa kirahisi. Matembezi ya mwaka nilikuwa nimeshayapanga kichwani: twende ziwani, wacheze mpira kwenye mchanga, tule samaki, turudi jua likiwa bado juu. Nikategemea makofi. Badala yake akasimama katibu wao, binti wa miaka ishirini na miwili ambaye ni fundi cherehani karibu na soko la Bukoba, akasema vijana wamekaa, wamejadiliana, na wanaomba kwenda Kishanda.

"Kishanda ya Muleba?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kuna nini Kishanda?"

"Kuna kigango. Tunataka kuwatembelea vijana wenzetu wa kule. Tusali nao, tucheze nao mpira."

Kishanda kuna migomba na kahawa, na kila mmoja wa wale vijana alizaliwa katikati ya migomba na kahawa. Sijawahi kuona kijana anayeacha maji na mchanga ili akatazame kibanja, shamba la migomba, cha mtu mwingine. Niliwaangalia mmoja mmoja. Hakuna aliyenung'unika. Hata wale wawili wanaobishana kuhusu kila jambo, mpaka rangi ya vitambaa vya altare, walikuwa wametulia kama watu waliokula kiapo.

Nikasema nitafikiri. Nyumbani nilifikiri kweli, na kila nilichofikiri kilikuwa kibaya. Labda kuna binti anatoroshwa, aende kwa mwanaume bila wazazi kujua, na sisi wengine tuwe wasindikizaji. Labda kuna mhubiri mpya kule anayevuta watu kwa maji ya kuombewa. Labda ni pombe tu, maana ndizi za Kishanda hazilali bure. Nikampelekea paroko mashaka yangu yote matatu. Alicheka.

"Vijana wanaomba kwenda kusali, na wewe unawashuku?"

"Ndiyo sababu nawashuku, padri."

"Basi nenda nao uone. Bila wewe hawaendi."

Siku ya safari tulikodi kosta. Walipanda ishirini na sita, wasichana kumi na tano na wavulana kumi na mmoja. Dereva aliniwekea kiti cha mbele, cha heshima, nikakikataa. Kisogo hakina macho. Nikakaa kiti cha nyuma kabisa, mkoba wangu magotini, nikawa naona vichwa vyote.

Waliimba, lakini waliimba kwa adabu mno. Wimbo ukiisha walinong'ona kwa Kihaya, nami Kihaya nakijua kuliko wao, kwa hiyo nikiinamisha kichwa tu kusikiliza, wanahamia kwenye kile Kiswahili chao cha simu ambacho sikielewi. Katibu alikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Mizigo yote iliwekwa juu, pamoja na ngoma mbili na mpira. Bahasha ile aliipakata kama mtoto.

"Una nini humo?" nilimuuliza tulipokuwa tunatoka mjini.

"Karatasi za ratiba, mwalimu."

Ratiba nilikuwa nayo mimi. Ilikuwa karatasi moja.

Tulipofika Kemondo, akamwomba dereva asimame. Akashuka na wenzake wawili, wakaelekea bandarini wanakouza samaki. Niliwatazama kupitia dirishani mpaka walipopotelea kati ya watu. Ndipo nikaona bahasha imebaki kwenye kiti. Wengine walikuwa wamesimama nje wakinyoosha miguu. Najua nilichokifanya hakikuwa cha mlezi. Nilikwenda mpaka kile kiti, nikainama kana kwamba nimedondosha kitu, nikafungua.

Ndani kulikuwa na shati la kwaya. Kitenge cha buluu, msalaba umetariziwa mfukoni, limefuliwa na kupigwa pasi. Mashati yale nilipima mwenyewe yaliposhonwa, kwa hiyo nililinyoosha tu mikono nikajua. Hakuna kijana ndani ya kosta ile mwenye mikono mirefu kiasi kile. Aliyekuwa nayo ni mmoja tu, na huyo nilikuwa nimemfukuza.

Nililirudisha shati, nikakaa mahali pangu. Waliporudi na sato mkubwa aliyefungwa kwenye majani ya mgomba, sikuuliza ni wa nani.

Lazima nieleze. Miaka miwili kabla ya safari hii, kinanda cha kwaya kilipotea stoo. Kufuli halikuvunjwa, mlango haukuguswa. Funguo zilikuwa tatu. Mmoja alikuwa nao mwalimu wa kwaya, ambaye wiki ile alikuwa Mwanza kwa matibabu na ufunguo wake alikuwa amemwachia paroko. Wa pili nilikuwa nao mimi. Wa tatu alikuwa nao mpiga kinanda, kijana mrefu, mkimya, aliyekuja Bukoba kuishi kwa mjomba wake baada ya shule na akafanya mazoezi ya kinanda peke yake, jioni baada ya jioni, mpaka akampita aliyemfundisha noti za kwanza. Kisha akatokea mtu akasema alimwona Kemondo na begi kubwa, karibu na mitumbwi inayokwenda visiwani. Hilo likanitosha.

Nilimwita mbele ya baraza la wazee. Sikumuuliza kama alichukua kinanda. Nilimuuliza alikipeleka wapi. Darasani swali hilo lilinisaidia sana, mwenye hatia hujikwaa. Yeye hakujikwaa. Alisema begi lilikuwa na nguo zake na magimbi ya bibi yake, na kwamba Kemondo alipita tu. Nikamwambia aweke ufunguo mezani. Akauweka. Hatukumpeleka polisi, na watu walinisifu kwa huruma hiyo. Hakuonekana tena kanisani, na baadaye nikasikia amehama mjini.

Kwa hiyo kutoka Kemondo kwenda mbele nilijua tunakwenda kwa nani. Nilichokuwa sijui ni kwa nini mimi nipelekwe. Nikaangalia visogo vile ishirini na sita na kila kimoja kikaonekana kina siri juu yangu. Wananipeleka nikaaibishwe, niliwaza. Watanisimamisha mbele ya watu wa kigango, kila mtu aseme lake. Niliandaa majibu. Nilipomaliza kuyaandaa tulikuwa tumeshaacha lami.

Kishanda walitupokea vizuri, bila hila yoyote niliyoweza kuiona. Tulisali. Vijana wetu wakafungwa mabao matatu kwenye uwanja wenye mteremko. Tukala ndizi na maharage kwenye majani. Sato hakupikwa. Baada ya chakula katibu akanijia akitabasamu.

"Mwalimu, sisi tunatembea kidogo kuona kijiji. Wewe pumzika, akina mama wa kigango wanataka kukuonyesha bustani yao ya mboga."

"Vizuri," nikasema.

Niliiona bustani kwa dakika tano. Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani, nikazunguka nyuma ya kanisa, nikawafuata.

Walikuwa wameshika njia nyembamba katikati ya vibanja, na ngoma, bahasha na sato mikononi. Mimi nilipita pembeni, kwenye migomba, nikijificha kila mtu wa mwisho alipogeuka. Mwanamke wa umri wangu, viatu vya kanisani miguuni, ninachuchumaa nyuma ya migomba. Walifika kwenye nyumba ndogo ya bati yenye uwanja uliofagiliwa. Nilisimama mbali kidogo, kati ya miti ya kahawa iliyokuwa imeiva, nikisukuma matawi ili nione. Nikaona mlango unafunguka. Nikamwona yule mpiga kinanda akitoka, amenenepa mabega, ana jembe mkononi. Jembe likaanguka. Wasichana walipiga kelele, wavulana wakamrukia, na mmoja wa wale wabishi wawili alikuwa analia waziwazi.

"Wewe! Unatafuta nini kwenye kahawa yangu?"

Niligeuka. Bibi mzee alikuwa nyuma yangu, mfupi, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Shikamoo bibi. Nilikuwa natazama tu."

"Unatazama nini? Kahawa inatazamwa?" Macho yake yalikuwa mikononi mwangu. Bado nilikuwa nimeshika tawi lenye kahawa nyekundu tupu. Nikaliachia kama linaunguza. "Kila mwaka wanakuja kuichuma mbichi na mbivu, nikiamka nakuta miti mitupu. Leo nimekukuta."

"Waitu, tafadhali bibi, mimi si mwizi. Mimi ni mwalimu."

"Walimu hawanywi kahawa? Fungua mkoba."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kuita vijana. Lakini niliona jinsi alivyosimama, hakuna neno ambalo lingemgeuza, kila neno nililolisema lilizidi kumthibitishia. Nikafungua mkoba. Alichungulia, akasukuma rozari yangu kwa ncha ya fimbo, akasukuma miwani, akasukuma kitambaa. Hakukuta kitu, na kutokukuta hakukumridhisha. "Umeweka wapi?" akauliza.

Nikanyoosha viganja vyangu vitupu mbele yake.

Katibu ndiye aliyetuona kwanza. Alikuja mbio. "Bibi, huyo ni wetu! Ni mlezi wetu, tumekuja naye kutoka Bukoba."

Bibi hakushusha fimbo. "Mlezi yupi? Yule?"

Katibu akakubali kwa kichwa. Bibi akanitazama tena, safari hii usoni, kwa muda mrefu. Nilipiga magoti pale pale kwenye majani makavu, nikamsalimia kwa Kihaya kama binti anavyomsalimia mama mkwe. Aliitikia, kwa sababu salamu haikataliwi. Kisha akatangulia kwenda nyumbani bila kuniambia karibu wala ondoka.

Ndani alikuwa ametandaza nyasi laini sakafuni, kwa mtindo wa zamani. Tulijazana mpaka mlangoni. Katibu akamkabidhi yule sato, bibi akashukuru, akaleta kikapu kidogo cha kamwani, kahawa ya kutafuna ambayo mgeni hupewa kabla ya lolote. Kikapu kilizunguka kwa kila mtu. Kilipofika kwangu alikishika yeye mwenyewe, akakinyoosha huku akiangalia ukutani. Nikachukua punje mbili, nikazitafuna. Zilikuwa na harufu nzuri.

Katibu akatoa shati. Kijana alilipokea, akaligeuza mbele na nyuma, akalipima kifuani. Lilikuwa limembana mabegani. "Jembe limeharibu kazi ya fundi," akasema, na wote wakacheka, hata bibi. Mimi nilitoka nje kabla hawajamaliza kucheka.

Kijana alinifuata. Tulisimama kando ya jiko, yeye na mimi, na nikajua majibu yangu yote niliyoyaandaa kwenye kosta hayana kazi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Alikwangua udongo kwenye kucha. "Bado unadhani ni mimi?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimwambia hapana. Lakini ningesema hapana kwa sababu ya aibu tu, na yeye angejua.

"Sijui," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Afadhali. Siku ile ulikuwa unajua."

Akaongeza, taratibu, bila ukali. "Funguo zilikuwa tatu, mwalimu. Mimi nimezihesabu sana, huku sina kazi nyingine jioni. Nyie mlihesabu mmoja." Kisha akarudi ndani kwa wenzake. Nikasikia ngoma zikianza.

Kwenye kosta, tukirudi, katibu alihama kiti chake akaja kukaa karibu nami.

"Umekasirika, mwalimu?"

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa," nikakubali. "Na kunileta kote huku ilikuwa nini? Ili niaibike?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Nimewatazama watoto wengi wakidanganya, ule haukuwa uongo. "Hapana. Hatukuja kwa ajili yako. Tulikuja kumwona yeye. Paroko asingeturuhusu bila mlezi, ndiyo maana tukakuhitaji ndani ya gari."

Safari nzima nilidhani mimi ndiye mtu wanayemnong'ona. Nilikuwa ruhusa tu.

Sikulala vizuri wiki ile, na mashaka yangu yalikuwa yamebadilisha mlango. Mbele ya baraza nilikuwa nimesema ufunguo wangu haujawahi kutoka nyumbani kwangu. Ilikuwa kweli. Ulikuwa ukining'inia kwenye msumari jikoni, juu ya ndoo ya maji. Na mwezi ule kinanda kilipopotea, nyumbani kwangu alikuwepo mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuja akisema anatafuta kazi mjini, akakaa wiki nne, akaondoka ghafla kwenda visiwani kuuza dagaa. Miaka miwili mizima sikuwahi kuweka mambo hayo mawili kwenye sentensi moja. Mtu anayeshuku kila kitu, hata vijana wakiomba kwenda kusali, jikoni kwake hakuangalia.

Nikampigia simu. Nyuma yake nilisikia injini ya mtumbwi na watu wakiitana.

"Shemeji," nikasema baada ya salamu, "ule mwezi uliokaa kwangu, uliwahi kuchukua ufunguo wa stoo ya kanisa? Ule wa jikoni?"

Injini ikaendelea.

"Shemeji, mambo ya zamani hayo yametoka wapi?"

"Nimeuliza tu."

"Huku upepo ni mwingi, sikupati vizuri," akasema. Simu ikakatika, au akaikata. Tangu siku hiyo nikimpigia hapokei, ila sikukuu hutuma ujumbe wa heri. Si ushahidi. Hilo nimejifunza kulisema sasa, hata kwa mtu ambaye ningependa kumtwisha lawama: si ushahidi.

Jumapili ya pili nilimwomba paroko nafasi wakati wa matangazo. Nilisimama mahali wanaposimama wanaotangaza ndoa. Nilisema kwamba nilimtuhumu kijana wa kwaya hii nikisema nina uhakika, nami uhakika sikuwa nao. Nilisema ufunguo wangu ulikuwa mahali ambapo yeyote anayeingia jikoni kwangu angeweza kuuchukua, na sikuwaambia. Nilisema namwomba msamaha, na baraza nalo naliomba msamaha. Shemeji sikumtaja. Kutoka benchi za nyuma nilisikia mtoto akifungua pipi.

Baada ya misa mzee mmoja wa baraza alinivuta kando. "Mwalimu, umelivua kanisa nguo. Jambo lilikuwa limeshalala."

"Lilikuwa limelala kwetu," nikamwambia. Hakunisalimia kwa miezi kadhaa.

Yule kijana alipata habari kupitia katibu. Alijibu kwamba amesikia na anashukuru, lakini kwaya yetu hatarudi. Anafundisha watoto kuimba kwenye kigango cha Kishanda, bila kinanda, kwa ngoma na makofi. Wanasema wanaimba vizuri. Mimi sijawasikia.

Mavuno ya kahawa yalipokwisha nilikwenda Kishanda peke yangu kumsalimia bibi. Nilimpelekea sukari na kitenge. Mjukuu wake alikuwa shambani, mbali. Bibi alinikaribisha, akanipa kigoda kizuri, akaniuliza habari za watoto wangu. Niliomba maji ya kunywa. Kabla hajatoka kwenda kuyachota, alisimama mlangoni akamwita jirani yake kwa sauti, aje akae na mgeni sebuleni mpaka atakaporudi.

Jirani akaja akifuta mikono kwenye kanga, akaketi mkabala na mimi. Hakuna aliyejifanya hajui kwa nini ameitwa. Baada ya muda akaniuliza kama Bukoba mvua imeanza. Nikamwambia imeanza, tangu Jumatatu.